Shingo ya Mgumu: Uchambuzi wa Sanamu Moja ya Moshi

Kisa ninachokichambua hapa ni kidogo kwa umbo. Kampuni moja ya utalii mjini Moshi iliagiza sanamu ya mpagazi kwa ajili ya ukumbi wake wa mapokezi. Mchongaji akafinyanga kichwa na mabega ya kijana mmoja anayebeba mizigo ya wapandaji wa Kilimanjaro, sanamu ikawekwa, ikaibua maswali ambayo aliyeiagiza hakuyatarajia, kisha ikahamishwa. Hakuna aliyeshtakiwa wala aliyefukuzwa kazi. Hata hivyo, naona kinaonyesha kwa uwazi kuliko visa vingi vikubwa ni lini sura ya mtu iliyotengenezwa kwa mikono humfanya mtazamaji aingie katika hali ya mtu huyo, na ni lini inabaki kuwa pambo la ukumbi.

Agizo lenyewe lilikuwa la kawaida. Kampuni ilitaka mpagazi mzima, urefu wa mtu, mzigo kichwani, mkono mmoja umeinuliwa kana kwamba anaamkia wageni, na tabasamu. Ilitaka pia kazi hiyo ifanywe kwa mpingo, kwa sababu wageni wanaupenda. Mchongaji, mwanamke mwenye karakana yake mtaa wa Pasua mjini humo, aliyakataa yote mawili kwa upole, na sababu zake zinastahili kuelezwa.

Kuhusu mpingo, hoja yake ilikuwa ya ufundi. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hukua polepole mno, na shina lake ni jembamba, mara nyingi likiwa na uwazi au ufa ndani, kwa hiyo kupata gogo zima litakalotoa kichwa na mabega ya mtu kwa ukubwa wake halisi ni bahati. Zaidi ya hapo, mti huo ukishapigwa msasa na kung'arishwa hurudisha mwanga kama kioo, na jicho la mtazamaji likavutwa na mng'ao badala ya kunyanzi dogo lililo juu ya nyusi. Alipendekeza kufinyanga kwa udongo juu ya kiunzi cha nondo na waya, kutengeneza kalibu ya plasta, kisha kumimina saruji iliyochanganywa na mchanga laini, ambayo uso wake mkavu hunywa mwanga na kuacha vivuli vidogo vionekane.

Kuhusu tabasamu na mkono ulioinuliwa, hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Anayepita katika maduka ya vinyago ya Arusha huwakuta wazee wa Kimasai wa mpingo kwa mamia, kila mmoja ameshika mkuki, kila mmoja na masikio marefu, na hakuna hata mmoja ambaye ni fulani. Mnunuzi humbeba mmoja hadi kwao bila kuhisi kwamba amembeba mtu, na hana kosa, kwa kuwa hajauziwa mtu. Silaumu mafundi wa vinyago hivyo. Ni riziki yao, na soko ndilo linalodai aina badala ya mtu. Tena si kweli kwamba uchongaji wetu haujui sura ya mtu mmoja mmoja. Wamakonde, ambao nje wanajulikana zaidi kwa mashetani, yaani sanamu za viumbe wa ajabu, na minara ya ujamaa, yaani watu wengi waliofumana katika gogo moja, wamechonga kwa muda mrefu mapiko, vinyago vya mti mwepesi vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za jando, ambavyo baadhi hupandikizwa nywele halisi za binadamu na kupewa uso mahususi kiasi kwamba mtazamaji hujiuliza ni nani huyo. Sanamu ambayo kampuni iliiomba ingekuwa ndugu wa mzee wa Kimasai wa dukani: mpagazi, bila kuwa mpagazi yeyote.

Walikubaliana, baada ya mazungumzo marefu, kwamba atafanya kichwa cha mpagazi mmoja wa kweli, bila mzigo. Kampuni ilikubali kwa sababu bei ilishuka. Nadhani ni haki kulisema hilo, kwa kuwa uamuzi uliokuja kuwa kiini cha kazi nzima ulipitishwa na mteja kwa sababu za daftari la matumizi.

Kijana aliyekaa mbele ya mchongaji ni wa Kibosho, na amekuwa akipanda mlimani tangu alipomaliza shule. Jina lake silitaji kwa kuwa bado anatafuta kazi malangoni. Yeye na wenzake wanaitana wagumu, na jina hilo wanalibeba kwa fahari. Mchongaji alisisitiza kwamba kila siku atakayokaa alipwe ujira sawa na wa siku moja mlimani, jambo ambalo kampuni ililiona la ajabu, kana kwamba kukaa kwenye kigoda si kazi. Alikuja karakana katika mapumziko kati ya safari moja na nyingine, na njia ya Machame peke yake humchukua siku sita au saba hadi kurudi mjini, hivyo kazi ilienda kwa kusuasua.

Siku za mwanzo hazikuzaa kitu. Alipoambiwa akae, kijana alikaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho, kidevu juu, macho mbele, na udongo ukatoa uso uliofanana naye bila kuwa yeye. Hili ni tatizo la kale. Mchongaji Mwitaliano Gian Lorenzo Bernini, aliyechonga kichwa cha Kardinali Scipione Borghese mjini Roma mwaka 1632 akiwa na midomo iliyoachana kidogo kama aliye katikati ya neno, hakupenda mtu atulie mbele yake. Alitaka atembee na aongee, akiamini kwamba mtu hafanani na nafsi yake wakati wowote kama anavyofanana nayo akiwa katika mwendo. Mchongaji wa Pasua alifika mahali hapo hapo kwa njia yake. Aliandaa mzigo wa kilo 20, ambao ndio kikomo kinachoruhusiwa na hifadhi na kinachopimwa kwa mizani langoni, akamwomba kijana auweke kichwani juu ya ngata na azunguke uwanja wa karakana mpaka jasho limtoke. Kisha mzigo ukashushwa, na yeye akafinyanga kwa haraka katika dakika zile za mwanzo baada ya kuutua.

Alichokiona katika dakika hizo ndicho kilichokuwa sanamu. Mzigo ukishuka, shingo haijui bado kwamba umeshuka. Misuli inayotoka nyuma ya sikio kuja hadi kwenye mtulinga inabaki imesimama, mabega yanabaki yamepanda kidogo, na moja limepanda kuliko jingine kwa sababu kila mbebaji ana upande anaouamini. Paji la uso linabaki limekunjwa. Na kuna jambo la macho ambalo mimi binafsi sikuwahi kulifikiria: mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo anapoitwa, huzungusha macho peke yake. Kwa miaka mingi kijana huyu amezoea kumtazama aliye ubavuni kwake kwa mboni, kichwa kikiwa kimenyooka, na mazoea hayo hayaondoki hata akiwa mezani anakula. Mchongaji akaamua kichwa kielekee mbele na macho yaende kidogo kushoto.

Macho hayo yalichukua muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Saruji haina rangi ya mboni, na jicho laini lisilochimbwa huonekana la kipofu au la mfu. Njia aliyoitumia ni ile inayohusishwa zaidi na Jean-Antoine Houdon, mchongaji Mfaransa wa karne ya 18: kuchimba mboni kwa kina ili ijae kivuli, na kuacha kipande kidogo sehemu ya juu kikiwa hakijachimbwa, kikamate mwanga. Mtazamaji akiwa mbali kidogo, kivuli huwa weusi wa jicho na kile kipande huwa unyevu wake. Kijana alipoona macho yamekamilika alisema, "Dada, huyu ananiangalia mimi kama ninavyowaangalia wageni." Sina uhakika kama ilikuwa sifa.

Kabla kalibu haijatengenezwa, kulitokea pingamizi ambalo mahali pengine huenda lisingetokea. Mjomba wa mchongaji, mzee wa Old Moshi, alikuja karakana, akaona udongo umekomea chini kidogo ya kidevu kama ilivyo desturi ya vichwa vingi vya aina hiyo, na akauliza, "Mwanangu, kichwa kilichokatwa shingoni unakiweka mjini Moshi, unataka watu wakumbuke nini?" Swali hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, pamoja na wenzake 18 huko Old Moshi, na ukoo wake umeshikilia miaka yote kwamba kichwa chake kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alitoa hadi sampuli yake ya vinasaba ili kitafutwe. Taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipochunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki iliyoyarithi kutoka zama za ukoloni, 202 yalihusishwa na Tanzania, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba matatu ya eneo hili yamepata ndugu walio hai, mojawapo likiwa la mtu aliyekuwa akida wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Kwa hiyo mchongaji aliongeza shingo yote, mitulinga, mabega, na sehemu ya juu ya kifua. Mzee alikuwa na sababu yake, ya heshima, na kazi ikapata faida ambayo hakuikusudia: bila mabega, shingo isingekuwa na mahali pa kuonyesha inachofanya. Nalitaja hili pia kwa sababu linagusa hoja pana. Mafuvu yale yalikusanywa na watu waliotafuta aina za binadamu, wakayapa namba. Na kuna sanamu za sura zilizotengenezwa kwa nia hiyo hiyo. Mwaka 1931 Mjerumani Hans Lichtenecker alizunguka Namibia akiwapaka watu hai plasta usoni ili apate nakala kamili za nyuso zao kwa ajili ya hifadhi ya kile alichokiita mataifa yanayotoweka. Alirekodi na sauti zao, na sauti hizo zilipotafsiriwa miongo mingi baadaye, ilibainika kwamba baadhi yao walikuwa wakilalamikia jinsi walivyotendewa. Hakuna mchongaji anayeweza kushindana na plasta kwa usahihi. Kila tundu la ngozi limo. Lakini nyuso hizo zimefumba macho na kukaza midomo kama wanaosubiri adha ipite, na ndicho hasa kilichokuwa kinatokea. Kufanana peke yake hakumleti mtu karibu na mtu. Kinachohitajika ni dalili kwamba aliyetengeneza alikuwa akimsikiliza aliyekaa mbele yake.

Sanamu ilipokamilika iliwekwa katika ukumbi wa mapokezi juu ya nguzo fupi. Mchongaji aliomba macho yake yawe usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na kampuni ikakubali bila ubishi. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kundi la sanamu la mchongaji Mfaransa Auguste Rodin, la wazee wa mji wa Calais, lililozinduliwa mwaka 1895, liliwekwa juu ya msingi mrefu ingawa mwenyewe alitamani watu wa mji wawe karibu nalo, na ni mwaka 1924, miaka saba baada ya kifo chake, ndipo liliposhushwa. Mtu akitazamwa kutoka chini huwa shujaa. Akitazamwa kutoka juu huwa maskini. Usawa wa macho ndio unaomwacha awe mwenzako.

Nilipata nafasi ya kukaa ukumbini humo zaidi ya mara moja, na kilichonivutia zaidi kilikuwa miili ya wageni kuliko maneno yao. Wengi walipoitazama kwa muda walipandisha mabega yao wenyewe kidogo, au walipeleka mkono kwenye kisogo na kujikanda. Mwaka 2007 mwanahistoria wa sanaa David Freedberg na mtaalamu wa ubongo Vittorio Gallese waliandika kwamba mtazamaji wa sanamu huigiza ndani ya mwili wake kile mwili anaoutazama unachofanya, wakitoa mfano wa sanamu za mateka za Michelangelo, ambazo misuli yao inaonekana kupambana na jiwe. Hoja yao ina wapinzani, na mimi sitaki kuikuza kuliko inavyostahili, ila katika kisa hiki inaeleza jambo ambalo maelezo mengine hayaligusi: mzigo haukuwepo. Kama ungekuwepo, mgeni angeutazama mzigo, angekadiria uzito wake, angesema pole, na habari ingeishia hapo. Kwa kuwa haukuwepo, shingo ilibaki ikidai kitu cha kubeba, na mtazamaji akakileta kwa shingo yake. Kwangu mimi, kuondoa mzigo ndiyo akili kubwa ya kazi hii.

Si wote walioipenda. Wagumu kadhaa walipoletwa kuiona walinyamaza, na kiongozi mmoja wa safari akasema waziwazi kwamba sanamu inawaaibisha, kwamba mtu aliyefika kilele cha Uhuru mara nyingi kiasi hicho alistahili kuonyeshwa amesimama juu ya mita 5,895 na bendera mkononi. Pingamizi hili nalipa uzito kuliko maoni ya mgeni yeyote. Mwaka 1991 John Ahearn, mchongaji wa New York aliyeishi Bronx Kusini na kufanya sanamu za majirani zake, aliweka sanamu tatu za shaba za watu wa mtaa huo mbele ya kituo cha polisi, na baada ya siku tano aliziondoa yeye mwenyewe kwa sababu baadhi ya watu wa eneo hilo walilalamika kwamba zinaonyesha taswira mbaya yao. Majirani hao hawakuwa wajinga wa sanaa. Anayezoea kudharauliwa ana haki ya kuogopa sura yoyote isiyokuwa na kilemba cha ushindi, kwa sababu anajua jinsi wengine watakavyoisoma. Huruma ya mgeni kwa mbebaji huweza kugeuka kwa urahisi kuwa kumwonea imani kutoka juu, nayo hiyo haimsaidii mbebaji kitu. Nilipomuuliza kijana mwenyewe, alijibu kwamba hana neno na sanamu, ila mama yake alipoiona alilia na kumwambia aache mlima. Mama alikuwa amemwona mwanawe akirudi kutoka safari miaka yote bila kuiona shingo hiyo, kwa kuwa kila anaporudi huwa ameshapumzika njiani, ameshaoga, na amevaa shati safi.

Kilichoharibu mambo kilikuwa kibao. Mchongaji alitaka liandikwe jina la kijana na kijiji chake, na kijana aliridhia. Kampuni iliandika "Mpagazi wa Kilimanjaro", na chini yake maelezo ya jumla kuhusu maelfu ya wapagazi wanaoajiriwa kila mwaka na mchango wao katika uchumi wa mkoa. Kila neno lilikuwa la kweli na la kusifu, na mgeni aliyekuwa ameanza kujikanda kisogo alipoinama kusoma aliinuka akiwa na uso wa mtu aliyesoma taarifa. Watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walionyesha mwaka 2007 kwamba watu hutoa zaidi kwa mtoto mmoja wanayepewa jina na picha yake kuliko kwa takwimu za mamilioni, na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba ukiweka takwimu pembeni ya mtoto huyo, msaada kwake unapungua badala ya kuongezeka. Kibao kile kilifanya hivyo kwa herufi za dhahabu.

Pamoja na kibao, maswali yalikuja. Wageni walianza kuuliza pale mezani anaitwa nani, yuko mlimani leo, na baadaye, kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa uongozi, analipwa kiasi gani. Mhudumu wa mapokezi hakuwa amepewa jibu. Baada ya muda sanamu ilihamishwa kutoka ukumbini na kupelekwa chumba cha nyuma, ambako wagumu hupanga foleni kuchukua ujira wao safari ikiisha, na mahali pake pakawekwa picha kubwa ya machweo. Uongozi ulieleza kwamba ukumbi ulikuwa umebana.

Je, sanamu ilifanikiwa? Ujira wa wagumu wa kampuni hiyo haukupanda kwa sababu yake, na yeyote atakayeandika kwamba sanaa ilibadilisha hali zao atakuwa anatunga. Hisia aliyoipata mgeni ilimhusu kijana mmoja wa Kibosho, na hakuna daraja linalojijenga lenyewe kutoka kwake hadi kwa wenzake. Lakini ilimfanya mtu ambaye angepita aulize swali, na swali lilikuwa na uzito kiasi cha mtu mwingine kuona afadhali kuihamisha. Pambo halihamishwi kwa sababu hiyo. Wala siwezi kusema kwamba chumba cha nyuma ni jela yake. Huko inatazamwa na watu wanaoijua shingo hiyo kutoka ndani, na nimeambiwa wanaitania kwa jina halisi la kijana, lile ambalo kibao kililikataa.

Mchongaji ana agizo jingine sasa, la mteja mwingine, anayetaka mama muuza ndizi. Safari hii ameandika katika mkataba kwamba anayekaa atalipwa kwa kila siku ya kukaa, kwamba kibao kitakuwa na jina lake kama ataridhia na hakitakuwa na maelezo mengine, na kwamba sanamu haitahamishwa bila mchongaji na mama huyo kuarifiwa. Mteja amekubali masharti mawili ya kwanza. La tatu bado wanajadiliana.